Kimeng'enya juu ya kaboni: kubandika si kuunganisha

Chukua oksidasi ya glukosi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kemia) chenye kazi ya kuinyang'anya sukari iitwayo glukosi elektroni zake. Kidondoshe juu ya kipande cha kaboni, kiache kikauke, kisha tumbukiza kipande hicho katika maji yenye glukosi. Kazi itafanyika kama kawaida: glukosi itageuzwa na elektroni zitatolewa. Lakini mita ya umeme uliyoiunga na ile kaboni haitatikisika. Elektroni zitakaa ndani ya kimeng'enya zikisubiri oksijeni iliyoyeyuka majini ipite izichukue, na kaboni iliyo jirani kabisa itaambulia patupu.

Kimeng'enya kimebandikwa, lakini hakijaunganishwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyowashughulisha watafiti wa seli za bayofueli kwa zaidi ya miaka 60, na pengo lenyewe halifiki hata nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ninaandika makala hii kwa sababu habari nyingi za "umeme kutoka kwenye sukari" huruka hatua hii, na bila hatua hii mengine yote hayaeleweki.

Seli yenyewe ni nini

Betri ya kawaida hubeba kemikali zake ndani. Zikiisha, imekwisha. Seli ya fueli huletewa fueli kutoka nje na huendelea kutoa umeme maadamu inaletewa. Katika seli ya bayofueli ya vimeng'enya, fueli kwa kawaida ni sukari au pombe. Upande wa anodi, yaani ncha inayotoa elektroni, kimeng'enya kimoja huchukua elektroni za glukosi. Elektroni hizo hupita kwenye waya, hufanya kazi tunayoitaka, kisha hufika upande wa kathodi, ncha inayozipokea, ambako kimeng'enya kingine, mara nyingi lakasi au oksidasi ya bilirubini, huzikabidhi kwa oksijeni na kutengeneza maji. Yahiro, Lee na Kimble walionyesha seli ya aina hii mwaka 1964.

Kwa nini kuhangaika na vimeng'enya wakati platini ipo? Kwa sababu platini haichagui. Hushughulika na chochote kinachoigusa, kwa hiyo seli ya platini huhitaji utando wa kutenganisha fueli na oksijeni. Kimeng'enya huijua molekuli yake na kuiacha nyingine ipite. Elektrodi mbili (yaani hizo ncha za kupitisha umeme) zenye vimeng'enya tofauti zinaweza kukaa ndani ya kimiminika kimoja, bila ukuta kati yao, na kila moja ikashika kazi yake. Ndiyo maana seli inaweza kufanywa ndogo mno. Mwaka 2003, Nicolas Mano, Fei Mao na Adam Heller walichomeka nyuzi mbili za kaboni, kila moja ikiwa na kipenyo cha mikromita 7, ndani ya tunda la zabibu, na zikatoa umeme kwa sukari na oksijeni ya tunda hilo. Platini isingeweza kazi hiyo.

Uteuzi huo una gharama. Kimeng'enya huchagua fueli, na pia huchagua ni nani atakayekabidhiwa elektroni. Kipande cha kaboni hakimo katika orodha yake.

Pengo

Ndani ya oksidasi ya glukosi kuna molekuli ndogo iitwayo FAD. Hiyo ndiyo inayopokea elektroni mbili kutoka kwa kila glukosi. Protini iliyobaki, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 160 (kipimo cha uzito wa molekuli), imeizunguka kama kokwa ndani ya embe. Kutoka FAD hadi uso wa protini ni zaidi ya nanomita 1, na kwa sehemu nyingi za uso ni mbali zaidi.

Elektroni inaweza kuvuka protini bila waya wowote, kwa ule mwenendo wa kikwantumu unaoiwezesha kupenya kizuizi ambacho kwa hesabu za kawaida isingekivuka. Lakini mwenendo huo hufa haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka. Ndani ya protini, kila ukiongeza takriban nanomita 0.17, kasi hupungua mara kumi. Ongeza nanomita moja nzima na kasi imeshuka karibu mara milioni moja. Page, Moser, Chen na Dutton walipochunguza protini nyingi mwaka 1999, waliona kwamba viumbe hai hupanga vituo vya elektroni kwa mruko usiozidi nanomita 1.4. Zaidi ya hapo, elektroni huchelewa mno kuwa na faida.

Mtu anaweza kudhani kwamba FAD imefukiwa kwa bahati mbaya. La. Kimeng'enya kinachomgawia elektroni kila kinachopita kingevuruga seli hai nzima, kwa hiyo ganda la protini ni kinga. Tunapotaka kukiunga na elektrodi, tunataka kuipita kinga ambayo mageuzi ya viumbe yameijenga kwa makusudi yake. Ukilijua hilo, huwezi kushangaa kwamba gundi peke yake haitoshi.

Lakasi ni mpole zaidi. Ina atomi nne za shaba, na moja kati yake, iitwayo T1, iko karibu na uso. Hapo ndipo elektroni huingilia kabla ya kusafirishwa ndani hadi kwenye zile shaba tatu zinazoshughulika na oksijeni. Kwa hiyo lakasi ina mlango. Kaboni ikisimama mbele ya mlango huo, elektroni hupita moja kwa moja. Ikisimama nyuma ya kimeng'enya, hakuna kinachopita. Kumbe suala si umbali tu. Ni mwelekeo pia. Vimeng'enya milioni vilivyobandikwa ovyo, kila kimoja kikitazama upande wake, vinaweza kutoa umeme mdogo kuliko vichache vilivyoelekezwa vizuri.

Kaboni inaleta nini

Mirija nano ya kaboni ilipata umaarufu baada ya Sumio Iijima kuieleza mwaka 1991. Ni karatasi ya atomi za kaboni iliyokunjwa ikawa mrija. Ule wenye ukuta mmoja huwa na kipenyo cha nanomita 1 hadi 2 hivi, mwembamba kuliko kimeng'enya chenyewe. Karatasi hiyo isipokunjwa huitwa grafini, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 na kutunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2010.

Sifa inayotajwa sana ni eneo la uso. Kwa hesabu, gramu moja ya grafini ina uso wa mita za mraba 2,630 ukihesabu pande zote mbili, na mirija ya ukuta mmoja, inayoguswa kwa nje tu, ina nusu ya hapo. Uso mkubwa hubeba vimeng'enya vingi. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu sifa hiyo hupewa uzito kupita kiasi. Uso usiofikiwa na kimeng'enya ni uso wa kwenye karatasi tu. Tundu la nanomita 2 haliwezi kupokea protini ya nanomita 7, hata kama mashine inayopima uso kwa kutumia gesi itasema uso upo. Na hata kimeng'enya kikiingia, lazima glukosi nayo ifike, maana sukari ikiishia kwenye tabaka za juu, vimeng'enya vya ndani vitakaa na njaa.

Lenye thamani zaidi, naona, ni umbo. Kipande bapa cha kaboni hukigusa kimeng'enya kwa upande mmoja tu. Mrija mwembamba huweza kujipenyeza kwenye vibonde vya protini, na msitu wa mirija hukizunguka kimeng'enya pande kadhaa, kiasi kwamba popote mlango unapoelekea, uwezekano wa kukuta kaboni jirani ni mkubwa. Tena mirija yote imeshikana na hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo elektroni iliyoingia katikati ya msitu hupata njia ya kutoka.

Grafini ina tabia ya kurudiana. Karatasi zake hupenda kulaliana tena hadi zikawa kama grafiti, na ule uso mkubwa ukapotea. Na kwa kuwa kaboni safi huchukia maji, protini inayoigusa huweza kujifungua ili sehemu zake za ndani, ambazo nazo huchukia maji, ziishike kaboni. Kimeng'enya kilichojifungua hivyo kimeshikamana barabara, na kimekufa.

Njia za kufunga, na moja ninayoipenda

Njia rahisi kuliko zote ni kuloweka. Unachovya kaboni katika mmumunyo wa kimeng'enya na kuziacha kani dhaifu zifanye kazi. Kimeng'enya hakidhuriki sana, lakini siku chache baadaye kingi kimeshaondoka na maji.

Njia ya pili ni kifungo cha kemia. Mirija huchemshwa katika asidi kali, nitriki pamoja na sulfuriki, hadi kwenye ncha na kasoro zake yaote makundi ya kaboksili. Makundi hayo huunganishwa na amino za lisini, moja ya vipande vinavyojenga protini, zilizoko juu ya kimeng'enya. Kifungo ni imara. Lakini mshika mbili moja humponyoka: asidi ile ile inayoweka vishikio huvunja mtandao wa kaboni unaopitisha umeme. Zaidi ya hapo, oksidasi ya glukosi ina lisini nyingi zilizotawanyika, na kemia haichagui ni ipi. Kimeng'enya kinaweza kufungwa kisogo kikiielekea kaboni.

Ya tatu ni kukifungia kimeng'enya ndani ya wavu wa polima (molekuli ndefu kama minyororo), kama kitosani au polipiroli, au kuviunga vimeng'enya wenyewe kwa wenyewe kwa glutaraldehidi. Havitoki, lakini wavu ukiwa mzito fueli nayo huchelewa kuingia.

Kisha kuna pireni. Hii ni molekuli bapa yenye pete nne za kaboni, na kwa ubapa wake hulala juu ya ukuta wa mrija na kunata, kwa sababu mawingu ya elektroni ya pande zote mbili yanafanana na kuvutana. Mwaka 2001, kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba ukiweka mkia kwenye pireni, wenye kikundi kinachoshika amino, unaweza kufunga protini kwenye mrija bila kutoboa ukuta wake hata atomi moja. Umeme wa mrija unabaki salama, na kimeng'enya kinapata nanga. Kila ninapoifikiria njia hii nauona uzuri wake, kwani inaishika kaboni kwa tabia ya kaboni yenyewe badala ya kuijeruhi kwanza.

Hatua inayofuata ni kutumia nanga inayoelekeza. Lakasi ina kishimo karibu na shaba ya T1, mahali ambapo kwa asili hupokea molekuli zenye pete. Christopher Blanford, Rachel Heath na Fraser Armstrong wa Oxford walipanda antraseni, yenye pete tatu, juu ya grafiti na kuripoti mwaka 2007 kwamba lakasi huishika na kudumu kwenye elektrodi muda mrefu zaidi. Antraseni huingia kwenye kile kishimo, na hivyo kimeng'enya hujigeuza chenyewe mlango ukaelekea kaboni. Mbinu hiyo imehamishiwa kwenye mirija nano. Oksidasi ya bilirubini nayo huvutwa na nyuso zilizopakwa molekuli zinazofanana na bilirubini yake. Wengine huenda hadi kwenye jeni, wakaweka sisteini, kipande kingine cha protini, moja tu mahali wanapopataka, ili kifungo kisiwe na pengine pa kushika.

Ubishi wa oksidasi ya glukosi

Kathodi, basi, imepiga hatua nzuri. Anodi ndiyo inayoumiza vichwa.

Kwa miaka mingi, makala baada ya makala zilitangaza kwamba oksidasi ya glukosi juu ya mirija au grafini hukabidhi elektroni moja kwa moja. Ushahidi ulikuwa grafu: volteji inapandishwa na kushushwa taratibu, na mkondo unaonyesha vilele viwili palepale FAD inapotarajiwa kupokea na kutoa elektroni. Inaonekana kama hukumu. Lakini FAD haijafungwa kwa kifungo cha kemia ndani ya kimeng'enya hiki, na kimeng'enya kikijifungua juu ya kaboni, FAD huchomoka na kulala juu ya mrija, kwa kuwa nayo ina pete bapa kama pireni. FAD hiyo huru hutoa vilele vizuri sana, na haina uwezo wowote wa kugeuza glukosi.

Kipimo cha haki ni kuondoa oksijeni yote, kisha kuongeza glukosi. Kama elektroni zinatoka kwenye kimeng'enya kilicho hai kwenda kwenye kaboni, mkondo wa kuoksidisha lazima upande. Oksijeni ikibaki, mtu hudanganyika kirahisi: kimeng'enya huimeza oksijeni, mkondo uliokuwa unatokana na oksijeni hiyo hushuka, na mabadiliko hayo husomwa kama alama ya glukosi. Mwaka 2016 George Wilson aliandika wazi kwamba oksidasi ya glukosi ya asili haifanyi uhamisho wa moja kwa moja, na mwaka 2018 Philip Bartlett na Firas Al-Lolage walipitia madai ya mirija na grafini na kufikia hitimisho kwamba hakuna ushahidi wa kuyathibitisha. Nadhani walisema kweli, na naona uchungu kwamba miaka mingi ya kazi ya watu makini ilijengwa juu ya vilele viwili ambavyo kipimo kimoja cha ziada kingevitilia shaka.

Njia za kweli za kuvuka zipo. Ya zamani na ya kuaminika ni mjumbe: molekuli ndogo, kama kwinoni au changamano la metali ya osimiamu, inayoingia karibu na FAD, kuchukua elektroni na kuzipeleka kwenye kaboni. Heller alizifunga osimiamu kwenye polima ili wajumbe wasipotee majini, na ndizo zilizotumika katika lile zabibu. Hasara yake ni volti. Kila ukabidhiano unahitaji mteremko kidogo wa volti, na mteremko huo unakatwa kwenye umeme wa seli.

Njia nyingine ni kukiondolea kimeng'enya FAD yake, kuifunga FAD kwenye kipitishi, kisha kuiacha protini tupu ijikunje upya kuizunguka. Itamar Willner na wenzake walifanya hivyo mwaka 2003 kwa chembe ya dhahabu ya nanomita 1.4, na kimeng'enya kikatoa elektroni kama 5,000 kwa sekunde, ilhali kikiipa oksijeni hutoa kama 700. Mwaka uliofuata walirudia kwa mirija ya kaboni iliyosimamishwa wima, FAD ikiwa kwenye ncha. Hapo waya umeingizwa hadi moyoni mwa kimeng'enya. Kazi hiyo ni ngumu kuirudia kwa wingi, lakini inaonyesha kwamba kimeng'enya si kivivu. Tatizo ni njia ya kutokea.

Ya tatu ni kubadili kimeng'enya. Dehidrojenasi ya selobiosi huja na kikono chake chenye himu (molekuli yenye chuma), ambacho hubeba elektroni kutoka ndani hadi nje. Dehidrojenasi ya glukosi yenye FAD bado inahitaji mjumbe mara nyingi, lakini haiipi oksijeni elektroni, kwa hiyo haitengenezi peroksidi ya haidrojeni, sumu ambayo oksidasi ya glukosi huimwaga hadi ikawafikia majirani zake wa kathodi.

Muda

Mwaka 2011 Abdelkader Zebda, Serge Cosnier na wenzao wa Grenoble, Ufaransa, waligandamiza mirija nano pamoja na vimeng'enya vikawa visahani: oksidasi ya glukosi pamoja na katalasi ya kuvunja ile peroksidi upande mmoja, lakasi upande mwingine. Hakukuwa na mjumbe wa kuongezwa. Waliripoti volti 0.95 na hadi miliwati 1.3 kwa sentimita ya mraba. Kwa ukosoaji uliokuja baadaye, swali la njia hasa iliyofuatwa na elektroni za anodi yao ni halali kuulizwa, ingawa umeme wenyewe ulipimwa. Mwaka 2013 kundi hilo liliripoti seli iliyopandikizwa ndani ya panya na kuendesha taa ndogo ya LED na kipimajoto cha kidijitali.

Seli ile ya visahani iliripotiwa kuwa imara kwa mwezi mmoja, na katika fani hii hiyo ni sifa kubwa. Betri ya litiamu ya kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo huhesabiwa kwa miaka. Ndani ya kiumbe, kimeng'enya kilichochakaa huvunjwa na kingine kutengenezwa. Juu ya elektrodi hakuna fundi wa kubadilisha. Protini hulegea, FAD huchomoka, kloridi huisumbua lakasi, na mwilini tishu huifunika elektrodi kama kitu kigeni. Tena kimeng'enya kimoja huchukua elektroni 2 tu kati ya 24 zinazoweza kutolewa na glukosi ikioksidishwa yote. Zilizobaki zinahitaji msururu wa vimeng'enya, kila kimoja na matatizo yake ya kufungwa. Usalama wa mirija nao haujaisha kujadiliwa. Majaribio ya mwaka 2008 kwa panya yalionyesha kuwa mirija mirefu na migumu ikiingizwa kwenye uwazi wa tumbo huamsha madhara yanayofanana na ya asbesto, na aina moja, MWCNT-7, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo sitarajii seli hizi kuchukua nafasi ya betri ya moyo karibuni. Pale ninapoziona zikifaa sana ni kwenye vifaa vya siku chache vinavyobandikwa kwenye ngozi, vinavyokula lakteti, kemikali iliyomo katika jasho. Katz, Bückmann na Willner walionyesha mwaka 2001 kwamba seli ya bayofueli inaweza kuwa kipimo chenyewe: fueli ikiongezeka, volti hubadilika, na volti hiyo ndiyo jibu. Kifaa cha namna hiyo hakihitaji betri ya kukiendesha kipimo, kwa maana sukari au lakteti inayopimwa ndiyo inayolipia umeme wa kupimwa kwake. Mikrowati chache zinatosha, na wiki moja ya uhai inatosha, ilimradi mlango wa kimeng'enya umeelekea kaboni.